Historia ya ukoo haianzii mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaoamua kuandika historia ya ukoo wao huanzia pasipofaa. Hufungua mtandao, huandika jina la ukoo, kisha hukubali mti wowote wa ukoo utakaojitokeza. Jioni moja tu mtu anakuwa na vizazi kumi na viwili, na kati yake hakuna hata kimoja anachoweza kueleza amekitoa wapi. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze njia nyingine, maana anayepokea kazi ya namna hiyo hulazimika kuianza upya.

Kazi hii huanzia kwako na kurudi nyuma, hatua moja moja. Tenga karatasi moja kwa kila mtu. Wewe ni namba 1, baba yako 2, mama yako 3, babu mzaa baba 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Namba ya baba wa mtu yeyote ni mara mbili ya namba ya mtu huyo. Ya mama ni hiyo ya baba ukiongeza moja. Kwa hiyo baba wa namba 6 ni 12, na mama yake ni 13. Mtindo huu ulichapishwa na mwanahistoria Michaël Eytzinger mwaka 1590 na unatumika hadi leo, kwa sababu karatasi zikichanganyika unazipanga tena bila hata kuutazama mti. Ndugu wa kila mmoja wape namba hiyo hiyo pamoja na herufi: 6a, 6b, na kuendelea.

Kwenye karatasi andika majina yote ambayo mtu huyo aliwahi kuitwa, kisha tarehe na mahali alipozaliwa, alipooa au kuolewa, na alipofariki. Mwezi uandikwe kwa jina, yaani 4 Machi 1931, kwani 4/3/1931 mmoja ataisoma Machi na mwingine Aprili. Mahali paandikwe kwa jina la wakati ule na jina la sasa, kwa kuwa kumbukumbu za zamani zimehifadhiwa chini ya majina ya zamani. Na chini ya kila jambo, bila kuruka hata moja, andika limetoka kwa nani au kwenye waraka gani, na umelipata lini. Hapa ndipo wengi huona uvivu. Taarifa isiyo na chanzo haiwezi kusahihishwa, kwa sababu zikija tarehe mbili zinazopingana huna namna ya kujua ipi ina uzito.

Karatasi zikishaanza kujaa, nenda kwa wazee. Anza na aliye mkongwe zaidi au mgonjwa, hata kama anaishi mbali. Shangazi mwenye afya anayekaa jirani anaweza kusubiri. Mazungumzo yasizidi saa moja, maana mzee akichoka huanza kujibu ili amalize. Omba ruhusa ya kurekodi. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama nusu mita kutoka kinywani, na uzime mtandao wa simu, kwani mtu akipiga rekodi inaweza kukatika. Jaribu dakika moja usikilize, kisha anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukiuliza “mlizaliwa wangapi?” mara nyingi utatajiwa waliokua tu. Uliza nani alizaliwa kwanza, nani alimfuata, na kama kuna aliyefariki mdogo katikati. Ukiuliza mwaka utapewa makisio; uliza alikuwa na ukubwa gani wakati wa vita, njaa au mafuriko ambayo mwaka wake unajulikana. Usitosheke kuambiwa kwamba fulani ni babu au ndugu, maana babu anaweza kuwa mdogo wake babu, na ndugu akawa mtoto wa mama mdogo. Uliza: nani alimzaa, na mama yake ni yupi? Mzee akikosea usimsahihishe papo hapo, andika alivyosema. Baada ya wiki moja hivi mrudie na maandishi, umsomee. Ziara ya pili mara nyingi huleta mengi kuliko ya kwanza, kwa sababu kumbukumbu zinakuwa zimeshachokonolewa.

Wakati huo huo kusanya nyaraka zilizomo nyumbani: vyeti, pasipoti za zamani, barua, hati za ardhi, ratiba za mazishi, kurasa za mwanzo za vitabu vya dini ambako watu huandika majina ya watoto. Kila waraka uulize swali moja: aliyetoa habari hii aliijuaje? Cheti cha kifo huaminika kwa tarehe ya kifo, lakini tarehe ya kuzaliwa iliyomo ilitajwa na mfiwa ambaye huenda hakuwepo siku ile. Ukiona tarehe 1 Januari, shuku kwamba mwaka pekee ndio uliojulikana na karani akajaza iliyobaki.

Hapo ndipo pa kwenda kwenye ofisi za usajili, parokia na makavazi, yaani hifadhi za nyaraka za zamani. Kabla ya kulipia chochote, jua usajili wa mahali hapo ulianza lini. Uingereza, parokia ziliamriwa kuweka madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538; Kanisa Katoliki liliagiza madaftari ya ubatizo na ndoa kupitia Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563. Usajili wa serikali ulianza Ufaransa mwaka 1792, na Uingereza na Wales Julai 1837. Anayetafuta cheti cha serikali cha mtu aliyezaliwa London mwaka 1820 anapoteza ada yake, akaulize parokia. Sensa nazo hufungwa kulinda faragha, Marekani kwa miaka 72, Uingereza kwa miaka 100. Zipo pia zilizoteketea: sehemu kubwa sana ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibika katika moto wa mwaka 1921, na makavazi ya Dublin, Ireland, yaliungua mwaka 1922. Kwenye pengo kama hilo tumia orodha za kodi, magazeti, wosia na mawe ya makaburi.

Sasa mtandao una faida. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za nasaba, ni bure, na kazi yake ya kupiga picha madaftari kwa mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, ilianza mwaka 1938. Ila kurasa nyingi zipo kama picha tu, bila faharasa ya majina. Ukitafuta jina na kukosa, usikate tamaa. Fungua katalogi kwa jina la mahali, kisha soma daftari ukurasa kwa ukurasa. Mti wa pamoja ulio humo huhaririwa na yeyote, basi uchukulie kama uvumi wa kufuatilia. Hatari kubwa ni watu wawili wenye jina moja kuunganishwa kuwa mtu mmoja. Piga hesabu: mama amezaa akiwa na miaka 9 au 60? Mtoto amezaliwa miaka miwili baada ya baba kufariki? Kuna kosa, hata kama miti ishirini inakubaliana, maana huenda yote imenakiliwa kutoka mmoja.

Vipimo vya DNA havitoi majina. Watoto wa ndugu wawili hushiriki wastani wa asilimia 12.5 ya DNA, lakini baada ya kizazi cha vilembwe ndugu wa kweli wanaweza wasionyeshe uhusiano wowote. Asilimia za asili, yaani sehemu ya DNA yako inayohusishwa na eneo au kabila fulani, ni makadirio na hubadilika kampuni inaporekebisha data zake. Kipimo kinaweza pia kufichua kwamba baba siye baba, na siri hiyo si ya aliyepima peke yake. Mimi ningekiweka mwisho.

Nimalizie na urithishaji, ambao wengi huuahirisha mpaka “kazi ikamilike”, nayo haikamiliki. Ukipata vizazi vinne, chapisha kijitabu cha kurasa ishirini hivi na ukigawe. Makosa yatarudi kwako yakiwa yamesahihishwa na watu ambao hawakuwahi kujibu simu zako. Tarehe za kuzaliwa za walio hai ziachwe nje. Picha za zamani zikaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na zihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu hupenya na kukandamiza kwake huacha alama mbele. Usizifunike kwa plastiki ya moto wala kuzibandika kwa gundi ya utepe. Mti wenyewe uhamishe mara kwa mara kuwa faili ya GEDCOM, muundo wa data za ukoo ambao programu nyingi za nasaba husoma. Lakini picha huwa hazimo ndani yake, hivyo zinakiliwe kando. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba yako.

Mwisho, chagua mrithi wa kazi na umwambie. Aonyeshwe faili zilipo, apewe neno la siri kwenye karatasi, na nakala moja iliyochapwa ipelekwe maktaba au makavazi yanayokubali historia za koo. Uliza kwanza masharti yao, kwa sababu baadhi hukataa karatasi zisizo na majina ya vyanzo.

Mtafiti wa nasaba