Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama, vijana na wanachama wote wa umoja wetu wa kusaidia wapanda makanisa na kuhuisha makanisa yaliyodhoofika, Bwana Yesu asifiwe.

Namshukuru Mungu aliyetuvusha mwaka 2025. Taarifa hii ilikuwa isomwe Novemba. Ikasogezwa kwa sababu ya uchaguzi mkuu wa Oktoba, kisha ikasogezwa tena kwa sababu akidi haikutimia. Hilo la akidi nitalirudia, maana limenikaa rohoni.

SHUGHULI ZA MWAKA

Mengi mnayajua, sitawachosha. Tulianza mwaka tukiwa na watumishi 7 wanaopokea posho yetu: visiwani Kome mmoja, Maisome mmoja na Ukerewe mmoja, kisha Misungwi mmoja, Magu mmoja na Ilemela wawili. Semina mbili zilifanyika. Maombi ya kufunga ya Januari yalifanyika. Ziara zilifanyika vituo vyote isipokuwa Maisome, ambako upepo ulitugeuza tukiwa tumeshavaa maboya. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 19, baadhi yenu mliuliza kwenye kundi la WhatsApp kwa nini bajeti ya nauli haikushuka. Ndugu zangu, daraja linatufikisha Sengerema. Kwenda Kome bado ni kivuko cha Nyakarilo, na kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, bado ni meli.

Kituo cha Kome naomba nikae nacho kidogo, kwa kuwa kuna waliotaka mwinjilisti wa pale arudishwe nyumbani. Ilisemwa kwamba Jumapili saa tatu kanisa ni yeye na mke wake na watoto. Ni kweli. Nilikwenda mwenyewe nikalala siku mbili, wakati wa giza. Asiyejua dagaa aelewe: huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mitumbwi inarudi alfajiri, na saa tatu hiyo mnayoiita ya ibada akina mama wote wako mchangani wanageuza dagaa kabla kunguru na mvua havijawahi. Nilisimama na Biblia yangu kwapani. Mama mmoja, bila kuinua mgongo, akaniambia, “Mchungaji, hizi zikinyeshewa nitakula mahubiri?” Sikuwa na jibu.

Mbalamwezi ikiingia uvuvi unasimama, lakini nusu ya wanaume wanavuka kwenda kwao na hela zao. Kwa hiyo kanisa la mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa, haliwezi kuendeshwa kwa saa ya kanisa la mjini. Mwinjilisti akahamishia ibada saa nane na nusu mchana, watu wakiwa wameamka na mitumbwi haijatoka. Jumapili niliyokuwepo tulikuwa watu wazima 38, sadaka shilingi 11,200 na sado mbili za dagaa. Pendekezo la kubadili saa nililitoa mimi kwenye semina ya mwaka 2023, na kumbukumbu zipo kwa katibu. Silisemi ili nisifiwe, nalisema kwa kuwa wapo wanaodai mwenyekiti haendi vituoni.

KUUNGANISHWA KWA MAKANISA MAWILI YA ILEMELA

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo. Nitaeleza kwa kirefu ili lisiendelee kuelezwa na watu ambao hawakuwepo.

Makanisa haya mawili yalikuwa kanisa moja. Yaligawanyika miaka ya nyuma kwa ugomvi wa wazee ambao wengine wao wameshalala, na ambao hata waliobaki hawakubaliani ulianzia wapi. Moja likabaki mlimani kwenye jengo la mawe, jingine likashuka bondeni likawa linakodi darasa. Kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa dakika kumi, na kwa kushuka ni pungufu ya hapo. Sisi tukawa tunalipa posho mbili, kila mwezi, kwa watumishi wawili ambao wangeweza kusalimiana kwa kupiga kelele.

Nilikwenda mlimani Jumapili tatu, bila kutoa taarifa. Jumapili ya kwanza nilihesabu watu wazima 9 na watoto 6. Kinanda kilikuwa kimefunikwa khanga, luku imeisha. Wakati wa neno kuku aliingia kwa mlango wa mbele, akapanda madhabahuni, akazunguka mimbari, akatoka kwa mlango wa pembeni, na hakuna aliyeinuka kumfukuza. Walikuwa wamemzoea. Sadaka ilikuwa shilingi 4,300, na mia tano kati ya hizo ni yangu. Jumapili iliyofanya vizuri kuliko zote walikuwa watu wazima 11. Bondeni walikuwa 17, wamebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamegusa kidevu.

Kamati tendaji ikakaa. Baadhi walitaka tufanye mkutano wa injili wa siku tano pale mlimani. Nilipinga, na msimamo wangu haujabadilika. Tumefanya mikutano ya namna hiyo. Spika zinakodishwa, mikono inanyooshwa, majina yanaandikwa kwenye daftari, na wiki mbili baadaye hakuna anayejua daftari liko kwa nani. Kanisa lenye ugomvi wa ndani ukiliongezea watu unaongeza mashahidi wa ugomvi. Tukaamua, kwa kura 6 kwa 2, kwamba kuanzia Julai posho ya Ilemela itakuwa moja badala ya mbili.

Naomba hapa nisikilizwe vizuri. Umoja huu haukuunganisha kanisa lolote. Hatuna mamlaka hayo, na katiba yetu haitupi. Sisi tulisema posho ni moja. Waliosaini kuungana ni wazee wa pande zote mbili, saini saba, nakala ninayo kwenye mkoba huu na yeyote anaweza kuiona baada ya kikao. Mkisema tuliwabana kwa hela, nitawajibu kwamba hela yenyewe ndiyo hiyo mnayokataa kuichanga.

Kuhusu mabenchi ya mlimani tuliyokwenda kuyachukua. Nakiri, na ni hili tu nakiri, kwamba barua ya kuwaarifu ilifika mlimani Alhamisi na pikapu ikafika Jumamosi. Katibu alikuwa msibani, barua ikachelewa. Hatukupaswa kupeleka pikapu. Tulipofika tulikuta mama wawili wameketi juu ya benchi la mbele, mmoja anasuka ukili, na hawakutaka kuinuka. Tulichukua mabenchi tisa tukaliacha la kumi pamoja nao. Picha iliyosambazwa inayoonyesha vijana wameshika benchi lenye mtu ilipigwa kwa pembeni. Benchi lile lilikuwa chini.

Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jengo, akanionyesha jiwe la pembeni alilolibeba begani kutoka bondeni akiwa kijana, kabla hakujawa na njia ya gari. Sikumjibu kitu. Hapa Mwanza kila mtu anajua uzito wa jiwe. Lakini wale waliomchukua mzee huyo wakamrekodi akilia, wakaipeleka rekodi hiyo kundini na maneno “mwenyekiti ameuza kanisa”, wao hawajawahi kubeba hata tofali pale.

Jengo halijauzwa. Kiwanja hakina hati, hata ningetaka ningemuuzia nani? Hizo milioni 12 ninazodaiwa kupokea, aliyeziona aje azitaje mbele ya wanachama. Funguo anazo mzee yule yule wa jiwe. Mimi pikipiki ninayopandia mlimani ni yangu, na mafuta ni yangu, na mweka hazina ni shahidi kwamba sijawahi kuleta risiti.

Wapo pia waliosema jambo hili ni geni, kwamba kazi ya Mungu haihamishwi kutoka mikono hii kwenda mikono mingine. Kanisa katika pwani hii si la jana. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, walifika Kagehi, upande wetu huu wa Ziwa Victoria, mwaka 1877, na kabla mwaka haujaisha wawili wao walikuwa wameuawa Ukerewe. Baadaye CMS hao hao wakawa na kituo cha Nassa, na mwaka 1909 kikachukuliwa na AIM (Africa Inland Mission), misheni iliyozaa kanisa la AIC (Africa Inland Church) Tanzania. Wajukuu wa kazi ile ya Nassa wako humu ukumbini, wengine wamekaa safu ya mbele, na sijawahi kumsikia hata mmoja akisema Nassa iliuzwa.

Matokeo yakoje? Kati ya 11 wa mlimani, 6 wameshuka, 3 wamehamia makanisa mengine na 2 bado wanasali nje ya jengo la zamani, ni wale mama wa benchi. Sitaficha hilo. Pamoja na 17 wa bondeni na wapya 8, Jumapili ya mwisho ya Desemba walikuwa 31. Wanaimba. Walioimba kwaya pande mbili hawakuwa wamesimama pamoja tangu mgawanyiko, na sauti ya tatu imepatikana.

Mtumishi aliyebaki bila posho tulimpa nafasi ya kwenda mwalo mmoja Buchosa. Alikataa kwa sababu watoto wako shule. Sasa anaendesha bodaboda. Simlaumu, na juzi alinibeba akakataa nauli. Sijui kama ulikuwa upendo au kunisuta.

MAHUDHURIO NA MICHANGO

Wanachama walioandikishwa ni 64. Akidi ni 32. Mkutano ule uliokosa akidi tulisubiri kuanzia saa tatu hadi saa sita tukiwa 21. Nikauahirisha. Cha ajabu, mama wa jikoni aliniambia sahani za pilau zilizotoka ni 47. Wengine ishirini na sita sijui walitokea wapi, lakini walijua njia.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, iliyopangwa na ninyi wenyewe. Waliomaliza ni 19. Waliolipa kidogo kidogo ni 11. Wanachama 34 hawajalipa hata shilingi, na wawili kati yao ni wajumbe wa kamati. Mmoja wa hao 34 ndiye mwenye ule ujumbe wa sauti wa dakika saba. Simtaji. Angekuwa analipa ada kwa dakika tungekuwa mbali.

Nasema kwa ukali kwa sababu hii. Julai, Agosti na Septemba watumishi wetu 6 hawakupata posho. Kila mmoja ni 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo tunadaiwa 1,440,000. Hao 34 wangelipa ada yao tungekuwa na 2,040,000, deni lingekwisha na kingebaki. Mtumishi wa Ukerewe alikopa unga dukani kwa jina la umoja huu, na mwenye duka alinipigia simu mimi.

FEDHA

Mapato: ada 1,415,000, michango ya makanisa 4,300,000, harambee ya Pasaka 2,165,000. Jumla 7,880,000. Matumizi: posho 4,800,000, semina 1,260,000, nauli na mafuta 870,000, shughuli ya Ilemela (pikapu safari mbili, rangi, misumari) 240,000, shajala, ada za benki na mengineyo 312,000. Jumla 7,482,000. Salio 398,000. Atakayeuliza kwa nini salio halikupunguza deni, sehemu kubwa iliingia baada ya Krismasi na tumeiwekea nauli za robo ya kwanza. Maswali mengine mweka hazina atajibu.

MATARAJIO

Kwa mwaka huu tunatarajia, Bwana akitujalia, kufika Maisome. Tunaangalia uwezekano wa kupata mashine ya boti, hata iliyotumika. Tunataka pia watumishi wapate ujuzi wa mikono ili posho isiwe tegemeo lao lote, kwani hata Mtume Paulo alishona mahema. Namna ya kulifanya hilo tutaangalia. Jengo la mlimani huenda likawa shule ya chekechea au mahali pa maombi. Mazungumzo yapo, ila hayajafika mahali pa kusemwa.

Muda wangu unakwisha mwaka huu. Anayeitaka nafasi hii achukue fomu kwa katibu. Sharti ni kutodaiwa ada.

Kikao kitaendelea na ajenda ya michango. Chakula kitatolewa baada ya ajenda hiyo, siyo kabla, na mama wa jikoni amepewa orodha ya mahudhurio.

Wenu katika huduma,
Mwenyekiti