YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAVU WA NIKELI MLIOTUUZIA

Kwa Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya kurejesha bidhaa mnayajua, sina haja ya kuyanukuu. Ankara yenu inasema "nikeli safi, asilimia 99.5". Mlicholeta ni wavu wa chuma uliopakwa nikeli juu juu. Nilikata pembe kwa mkasi, nikaiacha usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Asubuhi kila palipopita mkasi pameota kutu ya rangi ya chungwa. Nikeli haioti kutu ya aina hiyo.

Nilipourudisha dukani kwenu, kijana wa kaunta alitoa sumaku, akaibandika kwenye wavu, akasema foleni nzima ikisikia: "Mama, sumaku imeshika, hiyo nikeli. Nenda kasome." Watu wakacheka. Chuma nacho kinashikwa na sumaku, jamani!

Sisi tunatenganisha maji kwa umeme ili tupate haidrojeni, ndani ya mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 30. Tulitaka kupima nikeli peke yake kama kichocheo upande wa anodi, kule inakotoka oksijeni, kabla ya kuichanganya na chuma. Mtafiti Corrigan alishaonyesha tangu mwaka 1987 kwamba chuma kidogo tu kikiingia, nikeli hutoa oksijeni kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana tulipotumia wavu wenu volti zinazohitajika zilishuka, mwanafunzi wangu akashangilia, akaandika sura nzima ya tasnifu. Sura hiyo sasa ni ya kutupa. Na meneja wenu wa zamu kwenye simu ananiuliza, kama volti zimeshuka, si faida kwako? Faida gani, ndugu yangu, wakati sijui ninachopima?

Hapo sijagusa mzigo wenyewe ulivyochelewa, na malipo mlikuwa mmeshachukua yote.

Lakini la sumaku ndilo linalonichoma. Mwanafunzi wangu alikuwa kando yangu, amebeba boksi lenye risiti na kile kipande chenye kutu. Kijana wenu hakukitazama hata kidogo. Alipiga sumaku kwenye wavu, ta!, akaniambia mimi, ninayefundisha kemia, niende nikasome. Binti wa watu akainamisha macho.

Naomba mturudishie fedha zetu. Tena si fedha tu: mlipe na kemikali zilizoharibika, mlete nikeli halisi yenye cheti cha upimaji, na kijana huyo amwombe radhi mwanafunzi wangu kwa maandishi. Mimi radhi yake siihitaji.

Ijumaa ikipita bila jibu, wavu huu unakwenda Tume ya Ushindani, na nakala ya barua hii kwa maofisa manunuzi wa kila chuo ninachokifahamu. Kipande kingine nimekihifadhi, msije mkasema tulibadilisha mzigo.

Wenu,
Mhadhiri, Maabara ya Kemia
Dar es Salaam