Mafaili yako yashuke kwenye diski yako

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Swali lako limenikaa moyoni tangu niliposoma barua yako: diski ya nje ya nini, wakati mafaili yote yako kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, na kila mwezi unalipia nafasi? Nakujibu kwa kirefu kwa sababu najua kilichomo humo. Zimo picha za marehemu mama, na zimo zile rekodi za sauti yake akisimulia habari za ukoo wenu. Hakuna mwingine aliye nazo.

Kinachotuchanganya wengi ni kule kusawazisha, yaani vifaa vyote kuonyesha mafaili yale yale. Simu inaonyesha picha, kompyuta inaonyesha picha ile ile, wingu nalo hivyo hivyo, basi tunahesabu nakala tatu. Lakini mtoto akiifuta kwenye simu, inafutika kote. Kwenye Google Drive, lile wingu la Google, faili lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha linaondoka lenyewe. Je, wewe hupitia picha zako zote kila mwezi? Hakuna afanyaye hivyo. Na vyote hivyo vinashikiliwa na akaunti moja. Ikidukuliwa au ikifungwa, utakuwa umesimama nje ya mlango wa mali yako mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoifikiria akaunti ya mama, ile aliyokuwa akitumia kwenye simu yake. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi ikikaa miaka 2 bila kutumiwa, inaweza kufutwa pamoja na barua pepe, picha na nyaraka zake zote. Kama mnayo nywila yake, tafadhali anza na hiyo. Zako zitasubiri.

Diski nunua yenye nafasi walau mara mbili ya mafaili uliyonayo leo, maana yataongezeka. Kabla hujaweka chochote, tazama imepangwa (format) kwa mfumo gani. Ikiwa ni FAT32, itakataa faili lolote linalofika GB 4, na video ndefu za harusi zitakukwamia hapo. Iwapo utaichomeka mara kwenye Windows mara kwenye Mac, ipange kwa exFAT. Kupanga upya kunafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo lifanye hilo ikiwa bado tupu.

Sasa kushusha mafaili, na hapa nakuomba usome taratibu. Ukifungua folda ya Google Drive kwenye kompyuta ukaivuta yote hadi kwenye diski, utaona majina yote yamefika, na utadhani kazi imekwisha. Yatazame mafaili yanayoishia na .gdoc au .gsheet. Ukubwa wake haufiki hata KB chache, ijapokuwa waraka wenyewe una kurasa nyingi. Ndani yake hamna maandishi yako; mna anwani tu ya kule waraka ulipo. Siku akaunti itakapopotea, hayo hayatafungua kitu.

Ndiyo maana kwa mafaili ya Google napendelea Google Takeout, huduma yao ya kupakua vitu vyako. Unachagua unachotaka, yenyewe inageuza nyaraka ziwe za Word na Excel, inafunga kila kitu katika vifurushi vya zip, kisha inakutumia kiungo cha kupakua. Kiungo hicho hufa baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo omba wakati una intaneti nzuri na muda wa kutulia. Chagua vifurushi vya GB 2 badala ya 50. Kimoja kikikatika njiani, utarudia hicho tu. Kwenye picha utakuta vifaili vidogo vya JSON vimeandamana nazo. Usivifute hata kama vinakukera, kwani mara nyingi tarehe ya picha, mahali ilipopigwa na maelezo uliyoandika yamewekwa humo. Folda ulizoshirikishwa na wenzako zitazame kando na uzipakue mwenyewe, maana mwenye faili akilifuta moja kwa moja, na wewe hulioni tena.

Ukishafungua vifurushi vyote ndani ya diski, zima intaneti kabisa. Kisha fungua mafaili kutoka kwenye diski yenyewe: picha ya zamani, video ndefu, waraka mmoja, na sauti ya mama uisikilize mpaka mwisho. Fungua za folda mbalimbali, usiishie ya kwanza. Linganisha pia idadi ya mafaili, ukiacha vile vya JSON, na iliyoko kule kwenye wingu. Mimi nakala ambayo haijafunguliwa namna hii siiamini.

Kabla ya kuichomoa diski, iondoe kwanza kwa ile amri ya kompyuta ya kutoa diski (Eject), isije ikakatwa katikati ya kuandika. Kisha ichomoe kweli. Usiiache imechomekwa siku zote, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili ya kompyuta kitafunga na ya diski. Na diski nazo hufa, tena bila kuaga. Kwa zile picha na sauti, tafuta ya pili na umpe dada yako akae nayo kwake. Ukizifunga kwa nywila, yeye pia aijue.

Najua unataka kupunguza malipo ya wingu kwa kufuta vitu kule. Nakusihi usifute hata kimoja mpaka diski ya pili iwe mikononi mwa dada na ameifungua akaona vimo. Niandikie kama akaunti ya mama bado inafunguka, na kama simu yake ya zamani bado mnayo, kwa sababu huenda Google wakataka kuthibitisha kupitia namba ile.

Wako akupendaye,
Rafiki yako