Mume wangu anamficha binti yetu miguu yake

Shangazi, shikamoo.

Nina binti wa miaka sita. Alizaliwa bila kidole cha kati mikono yote miwili, na mahali pake pana mpasuko unaoshuka hadi kiganjani. Madaktari wanaiita hali hiyo ektrodaktili. Mkono wa kushoto, kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vimeshikana. Hivyo vilitenganishwa akiwa mdogo, akapachikwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, nami sikupinga, kwa sababu vingeachwa vikue pamoja kile kirefu kingepinda.

Sasa imebaki mipasuko. Daktari wa upasuaji alitueleza wazi kwamba inaweza kufungwa, ila faida itakuwa zaidi ya sura kuliko ya kazi. Binti anaandika, anafunga vifungo vyake, anafungua chupa zinazonishinda mimi, na vitu vinene huvibana humohumo kwenye mpasuko. Mume wangu anataka ufungwe kabla hajaanza darasa la kwanza. Mimi nataka tungoje akue, aseme mwenyewe.

Kama ubishi wetu ungekuwa wa mikono tu, nisingekusumbua. Shida ni miguu ya mume wangu. Tangu tuoane hulala na soksi. Aliniambia aliumia utotoni, sikumchimba. Alipozaliwa mtoto tuliulizwa hospitali kama kuna mwingine katika ukoo, akajibu hakuna. Mama mkwe akasema lazima kuna kitu nilikula nikiwa mjamzito. Niliyabeba maneno hayo miaka yote, ingawa nilishaelezwa kwamba vidole huumbika kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya mimba kutungwa, wakati ambao wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba.

Mwaka jana tulipelekwa kwa mtaalamu wa jeni, swali likarudi, na safari hii mume wangu akavua viatu. Miguu yake ina mpasuko uleule, kila mmoja una vidole viwili. Na mama mkwe, aliyemzaa na kumwogesha, alijua muda wote huo! Shangazi, nilinyamaza, maana ningefungua mdomo ningesema ya kunivunjia ndoa.

Mtaalamu alisema kwetu sisi hali hii imerithiwa, kwamba kila mimba uwezekano ni nusu kwa nusu, na kwamba mmoja anaweza kuipata miguuni na mwanawe mikononi. Binti alichunguzwa pia midomo, meno, nywele na mirija ya machozi, kwa kuwa wakati mwingine huambatana na kasoro za huko. Hana. Hiyo nusu kwa nusu wala hainitishi. Mtoto wa pili bado namtaka.

Kinachoniuma ni hiki. Juzi binti aliuliza kama duniani yupo mwingine mwenye vidole kama vyake. Baba yake alikuwa amekaa palepale na soksi zake, akamjibu, "Daktari atakutengeneza."

Nimemsihi amwonyeshe. Anasema mtoto akijua ametoa kwake atamchukia. Najua alichekwa sana shuleni, kuvua viatu kwenye michezo kulimtesa, na simdharau kwa hilo. Lakini naona kama anataka kisu kipite kwenye mikono ya mtoto ili aibu ya baba ipone. Huenda namwonea.

Niambie, Shangazi: nikimweleza binti mwenyewe nitakuwa nimemsaliti mume wangu, au hii si siri tena kwa kuwa mtoto anaibeba mikononi? Na wasomaji wako waliozaliwa hivi, waliofungwa mipasuko utotoni na walioachwa, leo wanawaambia nini wazazi wao? Mume ameshatia sahihi fomu ya ridhaa. Imebaki yangu.

Mama wa binti mmoja