Kwa Vijana wa Maktaba ya Kaloleni: Mkutano Ukiisha, Rafuni Kumebaki Nini?

Wanangu na wajukuu zangu mnaoandaa shughuli pale maktaba ya mtaa wetu wa Kaloleni, Nairobi,

Salamu nyingi. Nawaandikia hadharani kwa sababu kila nikija kuongea nanyi nawakuta mnapanga viti au mnahangaika na spika, na mzee anayemsimamisha mtu mwenye waya mkononi huonekana msumbufu.

Siku ile ya mashairi nilikuja, nikakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Sikuja kuwasuta. Mlifanya kazi nzuri, na chai ilitosha, jambo ambalo katika mikutano mingi ya Nairobi si dogo. Msichana mmoja alisimama akasoma shairi lake, kila ubeti ukiishia na maneno kwamba yeye ni mtoto wa Ofafa. Watu walimpigia makofi mpaka watoto waliokuwa wakicheza nje wakaja kuchungulia mlangoni. Alipomaliza nikamwita nikamuuliza, "Mwanangu, huyo Ofafa alikuwa nani?" Akacheka. "Babu, si ni mtaa tu?"

Sikumlaumu. Angejulia wapi? Ambrose Ofafa alikuwa diwani hapa jijini, akapigwa risasi mwaka 1953, siku za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Luo Union, umoja wa Wajaluo, ikamjengea ukumbi wa kumbukumbu Kisumu, na huku kwetu jina lake likapewa mitaa: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo, Ofafa Kunguni. Mtaa wa Mbotela nao umepewa jina la Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU, naye aliuawa mwaka 1952. Kila asubuhi makanga wa Jogoo Road wanawaita marehemu hawa wawili kwa sauti kubwa, na hakuna abiria anayegeuza shingo.

Sasa nyinyi mmekutana ndani ya maktaba, mmesimama hatua tatu kutoka kwenye rafu, mmeimba sifa za mtaa, na hapo rafuni hapakuwa na karatasi hata moja ya kumjibu msichana yule. Hilo ndilo lililonirudisha nyumbani nikiwa kimya.

Niwaambie na donda langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni wenye kamera, wakasema wanakusanya historia ya mitaa ya zamani. Tuliwapokea. Jirani yangu, mama wa makamo ya mama yangu, alitoa bati la biskuti alimokuwa akiweka picha, akawaonyesha baba yake akiwa na kofia ya jeshi. Aliwaeleza habari za askari waliorudi kutoka vita vya Burma, na jinsi watu wanavyosema kwamba soko letu la nyama, Burma, lilipata jina lake kwao. Aliongea saa mbili nzima, Kiswahili kikimchosha anaingia Kijaluo, kisha anarudi. Wakapiga picha ile picha. Wakaahidi kuleta nakala. Mama yule alifariki, na siku ya matanga mjukuu wake alikuwa akiuliza watu kama kuna aliye na sauti ya dani, yaani bibi yake. Hakuna. Sauti ipo mahali fulani, kwenye mashine ya mtu fulani, na sisi tuliompikia mgeni huyo hatuna hata jina lake.

Kwa hiyo ombi langu ni moja tu. Shughuli yoyote mtakayofanya pale, ikiisha, iache kitu rafuni. Iwe mashairi, iwe filamu, iwe mashindano ya drafti. Mshairi aache karatasi yenye jina lake na tarehe. Mzee akirekodiwa, nakala ibaki kwa mkutubi kabla kamera haijapanda matatu. Akisema Kijaluo au Kiluhya, yaandikwe hivyo hivyo alivyosema, tafsiri itafuata. Na picha, tafadhali, ziandikwe nyuma kwa penseli: nani, wapi, lini, kuanzia kushoto. Msitumie kalamu ya wino, hupenya ikaharibu uso wa mtu. Nina picha ya harusi ambayo bwana harusi sasa ana doa la buluu kwenye paji la uso kwa sababu ya kosa hilo. Kosa langu.

Msidhani nasahau ilikotoka maktaba yenyewe. Ile kubwa ya mjini, McMillan, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi milango yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Sisi wa Eastlands, mashariki ya jiji, tulikuja kupata matawi yetu mawili, Makadara na hapa Kaloleni, kisha yakachakaa mbele ya macho yetu. Wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017 wakaanza kuyafufua. Nawashukuru. Lakini fundi hurudisha paa na rangi. Yaliyosemwa ndani ya ukumbi wetu wa jamii enzi za wanasiasa akina Tom Mboya, nani alioka mkate, nani alifiwa, ni sisi tu tunaoweza kuyaleta.

Na tuna haraka. Mmeona Pangani: nyumba za zamani zilibomolewa, maghorofa yakapanda. Hizi zetu za miaka ya 1940, zenye vigae na uwanja katikati, nazo hutajwa kila mipango ikisomwa. Sibishani hapa kama ghorofa ni baya au zuri; choo cha ndani nakitaka kama mtu yeyote. Nasema tu kwamba siku nyumba zikibomolewa, tutaulizana nani aliishi na nani, na hakutakuwa na ukuta wa kunyooshea kidole.

Jambo dogo kabla sijasahau: mkifungua muziki, watoto wa kidato cha nne wanaosoma kule kona wanaondoka bila kusema neno. Nimewaona wakifunga vitabu. Nyumbani kwao ni chumba kimoja, watu sita. Anzeni shughuli zenu baada ya saa kumi, au pelekeni spika nje uwanjani.

Nitakuja Jumamosi. Nitaleta picha kumi na moja, majina yote nimeyaandika isipokuwa la kijana mmoja aliyeshika baiskeli. Labda kuna atakayemtambua. Nitaleta pia kitabu kimoja cha hesabu za useremala chenye muhuri wa zambarau wa maktaba hiyo hiyo, nilichokiazima nikiwa na nywele. Mwambieni mkutubi aanze kupiga hesabu ya faini.

Mzee wenu,
Kaloleni