Pampu moja, saiti tatu, wote wameahidiwa Jumatano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniumiza miaka mingi. Mimi ni fomeni wa zege, nimefanya kazi kwenye kampuni kubwa zenye saiti sita, saba, mpaka kumi kwa mpigo, na watu wa nje wakiona ujenzi umekwama wanasema hela imeliwa, wakati mara nyingi hela ipo na mafundi wapo na vifaa vipo, ila vimekaa saiti nyingine.

Siku moja tulikuwa tumeshafunga mbao za slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, mafundi nondo wamekesha, msimamizi wa mteja kakagua kasaini, tunangoja pampu ya kusukuma zege tu. Kampuni nzima ilikuwa na pampu moja. Saa nne asubuhi tunapiga simu tunaambiwa iko saiti nyingine, kumbe nao waliahidiwa Jumatano hiyohiyo, na saiti ya tatu nao wanaingoja! Hakuna aliyedanganya hapo, kila injinia aliongea na mtu tofauti ofisini na kila mmoja akajibiwa sawa, itakuja. Malori ya zege yalikuwa yameshatoka planti, kule zege linakochanganywa. Sasa zege halingoji simu, likishachanganywa una kama saa moja na nusu hadi mbili hivi kabla halijaanza kukaza, na jua likiwa kali unakuwa na muda mfupi zaidi. Dereva akaomba tuongeze maji lilainike nikakataa, maji ya kuongezea saiti yanapunguza nguvu ya zege na slabu hiyo watu watalala chini yake. Tukatupa zege la malori mawili. Iliniuma sana.

Ukienda ofisi ya kila saiti unakuta ratiba nzuri tu ukutani. Ile mbinu ya kritikali pathi, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1957 na watu wa DuPont na Remington Rand, inakuonyesha kazi ipi ikichelewa inachelewesha jengo zima, ni mbinu nzuri na mimi naiheshimu. Shida ni kwamba kila meneja anapanga ratiba yake kana kwamba pampu ni yake peke yake, kreni yake, mpimaji wake, mafundi nondo wake. Chukua ratiba kumi nzuri za namna hiyo uziweke juu ya meza moja, unapata ratiba moja isiyowezekana, na hakuna mtu aliyeziweka juu ya meza moja.

Matokeo yake watu wanajifunza tabia mbaya. Pampu ikishaingia saiti kwako huiachii hata kama haina kazi siku tatu, maana ukiiachia hujui itarudi lini. Unataka nondo Alhamisi unasema Jumatatu. Nakiri na mimi nimeshafanya hivyo. Sementi ndo usiseme, meneja anajaza stoo kwa woga, na sementi ikikaa kama miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu hata ukiitunza vizuri, nimeona mifuko imeganda kama mawe huku saiti jirani ya kampuni hiyohiyo vibarua wamekaa chini hawana sementi.

Ila kinachonitisha kuliko vyote ni mbao na vyuma vya kushikilia slabu. Zege linapimwa siku ya 7 na siku ya 28 kwa sababu nguvu yake inakuja taratibu. Slabu ikichelewa wiki huku, zile mbao zinachelewa wiki kwenda saiti inayofuata, na meneja wa kule anaanza kupiga simu, toeni mbao, toeni mbao. Mkubwa akikubali kwa sababu ya kelele, mnatoa nguzo chini ya zege bichi. Roho za mafundi zinakaa kwenye simu hiyo moja.

Ninachoomba kwa wakurugenzi ni mtu mmoja ofisi kuu mwenye kalenda moja ya vile vitu vya kugombania tu, pampu, kreni, mbao, mpimaji, mafundi nondo, na awe na mamlaka ya kumwambia meneja yeyote hapana na mkurugenzi asimpite mlango wa nyuma. Mameneja wote wakae naye nusu saa kila wiki waangalie wiki tatu za mbele, na pampu iende pale ambapo kuchelewa kutaumiza zaidi, sio kwa mteja mwenye kelele. Halafu kalenda isijazwe mpaka pomoni, mashine inaharibika na mvua inanyesha, acheni siku tupu humo. Nimefanya kazi kwenye kampuni moja iliyojaribu hivyo, miezi miwili ya mwanzo ilikuwa ugomvi mtupu kila kikao, baadae mameneja wenyewe wakaanza kurudisha vifaa bila kuombwa kwa sababu walijua zamu yao ipo na haiibiwi.

Kwa hiyo wakurugenzi mnaosoma hapa, ulizeni ofisini kwenu nani anapanga pampu ya kesho. Mkitajiwa majina mawili au matatu, waiteni wote chumba kimoja leo hii, kabla malori hayajatoka planti.

Ni mimi msomaji wako,
Fomeni wa zege