Inakutosha? Salamu za Idi kwa walio ndani ya ndoa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, waume kwa wake, Idi Mubarak. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, visimamo vyetu, sadaka zetu, na kila chozi lililodondoka usiku wa manane asilione mtu. Takbira zimeshasikika, Zakatul Fitri imeshatoka, na mwezi wa Ramadhani tuliouzoea umetuaga. Salamu za Idi kwa kawaida huwa fupi. Zangu za mwaka huu ni ndefu, kwa sababu kuna aya iliyonishika tangu kumi la mwanzo na mpaka leo haijaniachia.

Tunapofundishwa saumu husomewa Suratul Baqara kuanzia Aya ya 183: mmeandikiwa kufunga kama walivyoandikiwa waliokuwa kabla yenu, ili mpate kumcha Mungu. Hufuata habari ya mgonjwa na msafiri, kisha habari ya mwezi ambamo Qur'ani iliteremshwa. Halafu, katikati ya hukumu hizo, Aya ya 186 inakuja na sauti nyingine kabisa: waja wangu wakikuuliza habari zangu, basi Mimi nipo karibu, naitikia maombi ya mwombaji anaponiomba. Na mara tu baada yake, katika Aya ya 187, ile inayoruhusu usiku wa Ramadhani yale yaliyozuiwa mchana, ndimo yalimo maneno tunayoyasikia kila ndoa inapofungwa: wao ni vazi kwenu, na nyinyi ni vazi kwao.

Nimeyasikia maneno hayo kwenye nasaha za ndoa mara nyingi sana, yakiwa yamenyofolewa peke yake, hata nikasahau kwamba kwao ni kwenye aya za saumu. Mume na mke wametajwa pale pale tunapofundishwa njaa. Na wametajwa baada tu ya Mola kutuambia kwamba yupo karibu na kwamba anaitika. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa makusudio yake, lakini mimi aya hizo zimenifanya nijiulize: mwezi mzima nimemwita Mola aliye karibu nikiwa na yakini ataniitikia. Je, yule aliye karibu nami kuliko watu wote, anayelala ubavuni pangu, akiniita, ninamwitikia?

Vazi husitiri, hupamba, hukinga baridi. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba vazi ndilo linalogusa ngozi. Mwiba ulioko njiani unaweza kuukwepa, ila ulionasa ndani ya kanzu utakuchoma kila unapojigeuza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nadhani wengi waliojeruhiwa ndani ya nyumba zao wanaielewa methali hiyo vizuri kuliko sisi tunaoisema tu.

Nimewahi kuitwa, si mara moja, nikae kuwa mmoja wa wale wasuluhishi wawili wanaotajwa katika Suratun Nisaa, Aya ya 35, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Mara nyingi mume huanza kwa kuhesabu: kodi nalipa, chakula kipo, watoto wanasoma, mkono sijainua. Nimemkosea nini? Na mke, akishapewa nafasi, huwa hana orodha. Nakumbuka mmoja alisema neno moja tu: "Haniulizi." Tukangoja amalizie. Alikuwa amemaliza. Na nimemsikia mume naye, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, akisema kwamba akiingia ndani hakuna hata anayeinua uso, ila mkono wake ukiwa mtupu ndipo hugunduliwa kwamba amerudi.

Matumizi ni wajibu, na asiyeyatoa ilhali anaweza asijifiche nyuma ya maneno matamu. Hilo sina mjadala nalo. Lakini Suratur Rum, Aya ya 21, inapoeleza kwa nini tumeumbiwa wenza, inasema ni ili tupate utulivu kwao, na kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia baina yetu mapenzi na huruma. Utulivu haununuliwi pamoja na unga. Unaweza kumfuturisha mtu siku thelathini, akala akashiba, na moyo wake ukalala na njaa kila usiku.

Sasa niwapeleke kwenye Idi moja ya Madina, kwa sababu ndiyo hasa iliyonifanya nikae kuandika.

Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Bi Aisha, mke wa Mtume, Mungu amridhie, kwamba ilikuwa siku ya Idi, na Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa ngao na mikuki msikitini. Anasema hakumbuki kama ni yeye aliyeomba, au ni Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyemwuliza: unatamani kutazama? Akasema ndiyo. Mtume akamsimamisha nyuma yake, shavu la mkewe juu ya shavu lake, naye akiwahimiza wachezaji waendelee. Wakasimama hivyo mpaka Bi Aisha akachoka. Hapo Mtume akamwuliza: inakutosha? Akajibu ndiyo. Akamwambia, basi nenda.

Fikirini ni nani huyo aliyesimama. Kiongozi wa umma, siku ya Idi, siku ambayo kila mtu anamtaka. Hakumwambia mkewe, "Nimekupa dakika chache, yatosha." Kipimo cha kutosha alimwachia mwenyewe mwenye haja. Nasi tunafanya kinyume: tunajipimia wenyewe kiasi tulichotoa, tukaona ni kingi, kisha tukashangaa kwamba mwenzetu bado analalamika.

Katika riwaya aliyoipokea Nasai, mkusanyaji mwingine wa hadithi, kuna nyongeza ambayo kila nikiisoma moyo unatikisika. Bi Aisha anaeleza kwamba hakuwa na hamu kubwa ya kuwatazama wale wachezaji. Alichotaka ni wanawake wajue nafasi aliyonayo kwa mumewe. Mchezo ulikuwa kisingizio. Alichokuwa akikihitaji ni kuonekana kwamba ana thamani. Na mara ngapi tunaombwa vitu vidogo, twende pamoja mahali fulani, kaa hapa kidogo, njoo uone hiki, nasi tunakitazama kile kitu na kukiona hakina maana, tusijue kwamba hatukuitwa kwa ajili ya kitu?

Mtume alikuwa akimsoma mkewe. Alimwambia Bi Aisha kwamba anajua lini ameridhika naye na lini amemkasirikia: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, akiwa na hasira huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bi Aisha akakiri, akasema ni jina tu ndilo analoliacha. Tazameni, alikuwa ameitambua hasira kwa kiapo kilichobadilika, kabla haijawa ugomvi, na hakumwadhibu kwayo.

Na tusidhani ibada ya msimu huu ilikuwa udhuru. Mtume akiwa katika itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la Ramadhani, mkewe Bi Safiya alikwenda kumzuru msikitini, wakazungumza kwa muda. Alipoinuka kuondoka, Mtume aliinuka naye akamsindikiza mpaka mlangoni. Salman naye, sahaba aliyeungwa udugu na sahaba mwenzake Abu Dardaa, alipomkuta mke wa Abu Dardaa amejiachia, hajipambi, akamwuliza ana nini. Mama yule alisema: nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Mume alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku. Salman akamwambia Abu Dardaa: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali yako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alisema Salman kasema kweli. Mimi hadithi hii huniuma, kwa sababu nimepitisha Ramadhani ambazo mke wangu aliniona mgongo tu, nikitoka kwenda tarawehe na nikirudi kulala, na nilikuwa nikijihesabia thawabu.

Dada zangu nao nina neno nao, tena la mapenzi. Wanaume wengi tumelelewa tusiseme tunapoumia. Tunarudi nyumbani na hofu imefungwa kifuani, na inatoka ikiwa ukali, au ikiwa kimya. Yupo mmoja aliyerudi nyumbani akitetemeka na hakuficha. Mtume alipoteremka kutoka pango la Hira baada ya wahyi wa kwanza, alimwendea mkewe Bi Khadija akisema: nifunikeni, nifunikeni. Wakamfunika mpaka hofu ikamwondoka, akamwambia Bi Khadija kwamba aliihofia nafsi yake. Hakuambiwa, "Wewe mwanamume, jikaze." Bi Khadija alisema: hapana, wallahi, Mwenyezi Mungu hatakufedhehesha kamwe, wewe unaunga udugu, unambebea mzigo asiyejiweza, unampa asiye na kitu, unamkirimu mgeni, unawasaidia waliofikwa na misukosuko.

Angalieni alivyolijenga neno lake. Hakumpa faraja ya jumla. Alimrudishia mumewe maisha yake mwenyewe, jambo moja baada ya jingine, mambo ambayo mtu aliyeishi naye miaka ndiye tu angeweza kuyashuhudia. Kwanza alifunikwa kwa nguo, kisha akafunikwa kwa maneno. Nikifika hapo naikumbuka tena ile Aya ya 187, wao ni vazi kwenu. Baada ya Bi Khadija kufariki Mtume hakuacha kumtaja, na kati ya aliyoyasema juu yake ni kwamba alimwamini watu walipomkanusha. Mume hasahau siku aliyoaminiwa.

Liko jambo zito kidogo nalo siwezi kulipita. Kuna nyumba ambazo Idi hii imeingia na mtu ndani yake ana jeraha la ulimi. Khawla binti Thaalaba alikwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe, Aus bin Samit, aliyemwambia kwa hasira kwamba yeye kwake ni kama mgongo wa mama yake. Hiyo ndiyo zihari, kauli waliyokuwa wakiitumia kumwondoa mke kwenye nafasi yake. Bi Aisha alikuwa mle mle chumbani na anasimulia kwamba mengine ya maneno ya Khawla hakuyasikia. Mola juu ya mbingu saba aliyasikia, na Suratul Mujadila ikafunguliwa kwa habari hiyo: Mwenyezi Mungu amekwisha sikia maneno ya mwanamke anayejadiliana nawe juu ya mumewe. Na kafara ya mume ikawa kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Asiyeweza, alishe masikini sitini. Si kila neno kali ni zihari, mtu asinielewe hivyo. Lakini sisi tuliochoka kwa saumu ya mwezi mmoja, tuitafakari kauli moja ya hasira iliyowekewa miezi miwili isiyokatika.

Kwa hiyo mwanamke anapokuja kulia, au mwanamume, jibu letu la kwanza lisiwe "subiri tu." Subira ni ibada tukufu, na mwenye kuumia anaijua kutuzidi. Malalamiko ya Khawla yalisikilizwa mpaka mwisho na yakapewa hukumu. Anayepigwa au kudhalilishwa ana haki ya kusema na kusaidiwa, na anayemnyamazisha kwa jina la dini amechukua dhamana asiyoiweza.

Na huu mwezi ulioandama ndio Shawwal, kwa hesabu yetu Mfunguo Mosi. Waarabu wa zamani waliuona una nuksi kwa ndoa. Bi Aisha alikuwa akiipinga dhana hiyo kwa maisha yake: alisema Mtume alimwoa Shawwal, na akaingia nyumbani kwake Shawwal, basi ni yupi katika wakeze aliyekuwa na bahati kwake kumshinda yeye? Alipenda wanawake wa jamaa zake waingie kwa waume zao katika mwezi huu. Ninaitoa habari hiyo kwenu mlio katika ndoa zilizopoa, mnaohisi wakati wa kuanza upya umepita. Mwezi waliouogopa watu ndio uliomfungulia Bi Aisha nyumba yake.

Leo wageni wakishaondoka na nyumba ikatulia, kaa na mwenzako. Weka simu mbali. Mwulize Ramadhani ilimpitaje moyoni, kisha umwachie nafasi. Pengine atasema "salama" akanyamaza, kwa kuwa hajazoea kuulizwa. Usiinuke. Akianza kusema usimkatize kwa kujitetea, hata kama unaona amekuonea. Ya kwako utayasema, siku zipo. Ukiona amefika mwisho, mwulize kama Mtume alivyouliza: inakutosha?

Kwenu mlioipokea Idi hii mkiwa peke yenu, wajane, waliotalikiwa, ambao wenza wao wako mbali, na nyinyi ambao mwenza yupo chumba kimoja nanyi lakini hamsemezani, salamu hizi zimeandikwa mkiwa moyoni mwangu. Yule aliyesema Mimi nipo karibu hakusema kwa Ramadhani peke yake.

Mola wetu, tujaalie wenza wetu na wazao wetu wawe viburudisho vya macho yetu. Waliokosana, walainishie ndimi zao leo. Aliyebeba hofu kifuani, mpe wa kumfunika. Amin.

Idi Mubarak, nyinyi na ahali zenu. Tusameheane.